Mwongozo kamili: Kupanga mwaka wa biashara ndogo Tanga, kutoka lengo hadi kazi ya Jumatatu

Wafanyabiashara wengi wadogo hapa Tanga wana malengo. Ukifungua madaftari yao unayakuta ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko mzuri: kuongeza mauzo, kununua friza, kupeleka bidhaa Muheza, kuacha kukopesha ovyo. Ukirudi baada ya miezi minne ukurasa ni ule ule, haujaongezwa hata nukta, na mwenye biashara anakuambia mwaka huu hali ni ngumu.

Nimekaa na wauza samaki, mafundi cherehani, mama lishe na wenye maduka ya rejareja, nimesoma madaftari yao, na karibu wote wanakwama mahali pamoja. Lengo limeandikwa kwa ajili ya mwaka, halikushushwa hadi kwenye kazi ya Jumatatu asubuhi. Tena limeandikwa kana kwamba miezi yote ni sawa, ilhali katika mji wa pwani upepo, mwezi wa angani na Ramadhani hugeuza mauzo juu chini.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye biashara yake inatembea tayari, hata kama ni meza moja tu. Utahitaji wiki nne za kuandika hesabu, kisha siku moja ya kukaa chini na kupanga. Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kibanda cha samaki wa kukaanga Makorora, kinachonunua mzigo wake soko la Deep Sea. Takwimu za kibanda hicho ni za mfano tu, ili uone hesabu inavyokwenda. Wewe utaweka zako.

## Vitu vya kuandaa

- Kaunta buku moja, mpya, isiyo na madeni ya zamani ndani yake.
- Kalamu mbili, ya bluu kwa fedha inayoingia na nyekundu kwa inayotoka.
- Kikokotoo. Cha kwenye simu kinatosha.
- Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu pembeni ya zile za kawaida. Usikubali isiyo nazo, utaona sababu kwenye hatua ya nne.
- Taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu iliyopita, pamoja na ya Lipa Namba kama unayo.
- Karatasi zako: mkataba wa pango, leseni ya biashara, makadirio ya kodi ya TRA, risiti za mzigo ulizonazo.
- Laini ya pili ya simu au kopo lenye kufuli kwa ajili ya fedha ya lengo.
- Mtu mmoja mwaminifu atakayekuuliza kila wiki umefika wapi. Anaweza kuwa mwenza wako, dada yako, au mwanakikundi mwenzako wa VICOBA.

## Hatua ya 1: Andika wiki nne za ukweli

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa wanaouza chakula hupotea upesi zaidi, kwa sababu bidhaa yenyewe inaliwa.

Gawa ukurasa katika safu tano: mauzo ya taslimu, mauzo ya mkopo, manunuzi ya mzigo, matumizi mengine, na kilichokwenda nyumbani. Safu ya tano ndiyo inayorukwa na wengi. Samaki wawili waliobebwa kwa chakula cha usiku, elfu tano ya daftari la mtoto, vocha, mchango wa msiba, vyote viandikwe humo kwa bei yake.

Funga hesabu kila siku kabla hujafunga biashara. Hesabu fedha mkononi, jumlisha iliyoingia kwenye simu, linganisha na daftari. Ukisubiri asubuhi utakuwa umeshasahau mambo matatu.

Kwa nini wiki nne na siyo moja? Kwa anayeuza samaki sababu ni mwezi wa angani. Vyombo vinavyovua dagaa na vibua kwa taa hupata zaidi wakati wa giza. Mbalamwezi ikikolea samaki hawakusanyiki kwenye taa, mzigo unapungua na bei ya mnadani inapanda. Ukipima wiki moja ya giza utajiona tajiri. Ukipima wiki ya mbalamwezi utataka kufunga kibanda. Zungusha mwezi mzima ndipo upate wastani wa kweli. Hata muuza nguo ananufaika na wiki nne, maana mwisho wa mwezi watu wa mishahara huwa na fedha na katikati hawana.

Onyo: usibadilishe chochote katika wiki hizi. Usipandishe bei, usiache kukopesha ghafla, usipunguze matumizi ili daftari lipendeze. Tunataka kuiona biashara ilivyo, na anayedanganywa hapa ni wewe mwenyewe.

Umefaulu ikiwa wiki ya nne fedha iliyopo na daftari vinapishana kwa kiasi kidogo unachoweza kukieleza. Zikipishana kwa kiasi kikubwa na hujui kwa nini, rudia wiki mbili zaidi. Kuendelea na takwimu mbovu kutakupotezea mwaka mzima.

## Hatua ya 2: Tenga fedha ya nyumba na ya biashara

Jipangie mshahara, tarehe maalumu, kiasi maalumu. Hatua hii ni fupi kuisoma, lakini ndiyo inayoumiza zaidi, hasa kwa mama ambaye familia nzima humtazama yeye.

Tazama jumla ya safu ya tano ya wiki nne. Hicho ndicho unachokula kwa sasa. Kama biashara inakimudu, kifanye mshahara wako. Kama haikimudu, punguza hadi kiwango ambacho hatua ya tatu itakionyesha, na waambie nyumbani waziwazi. Shida ya nyumbani ikitokea kabla ya tarehe, andika kuwa umekopa mshahara wako wa mwezi ujao, na ukatwe kweli.

## Hatua ya 3: Tafuta kizingiti chako cha siku

Kizingiti ni mauzo ya chini kabisa ambayo chini yake unakula mtaji. Bila namba hii, lengo lolote utakaloandika ni la kubahatisha.

Turudi kibandani Makorora. Wastani wa mauzo ni shilingi 90,000 kwa siku, na kinafunguliwa siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 2,340,000.

Toa kwanza gharama zinazopanda na kushuka pamoja na mauzo: samaki, mafuta ya kukaangia, mkaa, ndimu, vifungashio, nauli ya bajaji kutoka Deep Sea. Katika kibanda chetu zinakula shilingi 70 katika kila 100 inayoingia, yaani 1,638,000 kwa mwezi. Zinabaki 702,000.

Kisha orodhesha gharama zinazodaiwa hata usipouza kitu:

- Pango: 60,000
- Msaidizi: 180,000
- Umeme na maji: 20,000
- Taka na ulinzi: 20,000
- Fungu la kodi na leseni: 90,000

Jumla ni 370,000. Ongeza mshahara wa mwenye kibanda, 250,000, upate 620,000.

Sasa, kwa kuwa katika kila shilingi 100 ya mauzo zinabaki 30, gawanya 620,000 kwa 0.30. Unapata 2,066,667 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 26, unapata takriban 79,500 kwa siku. Hicho ndicho kizingiti. Kibanda kikiuza 90,000 kiko juu yake kidogo, na kwa mwezi kinabakiza shilingi 82,000 tu za kukuza biashara. Kikiuza 75,000, siku ile kimekula mtaji hata kama sufuria lilikuwa tupu jioni na mwenyewe akaenda nyumbani amefurahi.

Mambo mawili hukosewa hapa mara kwa mara. La kwanza, msaidizi akiwa mdogo wako au binti wa shangazi, watu hawaandiki mshahara wake. Andika. Siku akiolewa au akipata kazi bandarini utalazimika kumlipa mtu mwingine, na biashara iliyokuwa inasimama kwa jasho la ndugu itaanguka. La pili, fungu la kodi. Kwa biashara ambayo mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba, kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne, kufikia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Leseni nayo ina mwaka mmoja tu. Asiyetenga kidogo kidogo hushtukiwa na tarehe hizi, akachomoa fedha ya mzigo, na ghafla meza inakuwa nusu.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kujibu, bila kufungua daftari, ikiwa jana ulikuwa juu au chini ya kizingiti.

## Hatua ya 4: Chora kalenda ya pwani juu ya kalenda ya ukutani

Mipango mingi inayofundishwa kwenye semina hugawa lengo la mwaka kwa 12 na kumaliza. Ukifanya hivyo Tanga, utashindwa mwezi wa tatu na utaacha. Chukua kalenda na uweke alama hizi.

Pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na bahari huwa nafuu kwa vyombo vidogo. Kusi huingia Aprili na hukaza katikati ya mwaka, Juni hadi Agosti, bahari ikichafuka na siku za kutoka zikipungua. Muuza samaki apake rangi miezi hiyo yote. Fuatilia pia utabiri wa baharini wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hutolewa mara kwa mara na unasikika redioni.

Mwezi na maji. Kila mwezi weka alama kwenye wiki ya mbalamwezi na kwenye siku za bamvua. Kwa anayeuza pweza, bamvua ni neema, kwa sababu maji hutoka mbali na miamba huachwa wazi kwa wanaokwenda kwa miguu. Maji mafu, yale yasiyotoka mbali, yakiingia, pweza huadimika.

Mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kama mboga zako zinatoka Lushoto, masika yanaweza kuchelewesha mzigo barabarani. Kama unauza juisi baridi, siku za mvua kubwa mauzo hushuka.

Ramadhani na sikukuu. Mwezi wa mfungo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ulianza mapema Machi, kwa hiyo ukinakili mpango wa mwaka jana bila kuusogeza utakosea. Kwa muuza chakula cha mchana huu ni mwezi wa kuhamia jioni: tambi, kaimati, viazi vya nazi, samaki wa futari. Kwa fundi cherehani wiki mbili za mwisho ndizo mavuno, na kitambaa kinapaswa kuwa dukani kabla ya mfungo kuanza. Weka alama pia kwenye siku za kuvunja jungu, Idi zote mbili, Maulidi na Krismasi.

Fedha za wateja. Januari ni ada na sare za shule, na karibu kila biashara isiyo ya madaftari hupumua kwa shida. Anayepeleka nguo au vyombo kwenye magulio ya Muheza aangalie msimu wa machungwa, maana mkulima hununua anapovuna.

Ukimaliza, upe kila mwezi alama moja kati ya tatu: mzuri, wa kawaida, mgumu. Waulize wakongwe wa soko lako wakuthibitishie. Mtu aliyeuza pale soko la Mgandini miaka mingi anajua miezi yake kuliko kitabu chochote, na ukimwendea kwa heshima atakueleza.

## Hatua ya 5: Amua unamhudumia nani, na andika usichofanya

Huu ndio uamuzi mkubwa wa mwaka, na huandikwa kwa mistari miwili tu.

Kibanda chetu kinaweza kuwalenga mafundi na madereva wanaokula mchana, au majirani wanaonunua kitoweo cha jioni. Wa mchana wanataka haraka, kipande kimoja na ugali, bei isiyobadilika. Wa jioni wanataka samaki mkubwa, wanachagua, na ndio wanaoomba kukopeshwa. Ukiwataka wote kwa nguvu sawa unahitaji wasaidizi wawili na mtaji mara mbili. Chagua kundi moja la kulikimbilia mwaka huu, lile lingine lihudumiwe kwa kilichobaki.

Mstari wa pili: "Mwaka huu sifanyi..." Sifungui tawi. Siongezi chipsi. Sipiki pilau la shughuli. Kuyaacha mambo haya kunauma, kwa sababu kila moja linaonekana lina fedha. Mtaji wako lakini ni mmoja na mikono yako ni miwili.

Neno kuhusu miradi mikubwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na watu wengi mjini wamepanga biashara zao kuwategemea wanaojenga. Wateja wa ujenzi ni wazuri, wauzie. Ila mauzo yao yaandike pembeni kama ziada, nje ya hesabu ya kizingiti, kwa sababu ujenzi ukiisha mafundi huondoka na pango lako linabaki.

Kuhusu lile boksi la semina lenye nguvu, udhaifu, fursa na vitisho: lijaze ukipenda, lakini kila mstari ambao haukupi kitu cha kufanya ndani ya miezi mitatu, ufute.

## Hatua ya 6: Andika malengo mawili, la tatu lisubiri

Lengo linalofaa lina kitu kinachohesabika, tarehe, na chanzo cha fedha. "Kukuza biashara" halina hata kimoja. La kibanda chetu linasomeka hivi:

*Kufikia tarehe 31 Machi nitakuwa nimenunua friza iliyotumika ya shilingi 750,000, kwa taslimu kutoka faida ya biashara.*

Tarehe imetoka kwenye kalenda ya hatua ya nne. Kusi inaingia Aprili, na friza ndiyo itakayomwezesha mwenye kibanda kununua mzigo wakati wa giza bei ikiwa chini, auze wakati wa mbalamwezi.

Sasa lipime. Akianza Oktoba ana miezi sita, yaani anahitaji 125,000 kwa mwezi. Kwa sasa anabakiza 82,000. Pengo ni 43,000. Kwa kuwa hubaki shilingi 30 katika kila 100, gawanya 43,000 kwa 0.30: ni mauzo ya ziada ya takriban 143,300 kwa mwezi, sawa na 5,500 kwa siku. Kipande kimoja kikiuzwa 1,500, lengo zima la friza ni vipande vinne zaidi kwa siku.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo kiini cha mwongozo huu. Friza ya laki saba na nusu inatisha. Vipande vinne kwa siku msaidizi wako anavielewa asubuhi hii hii.

Kuna njia ya pili. Akipunguza gharama za mzigo kutoka 70 hadi 68 katika kila 100, anaokoa 46,800 kwa mwezi, zaidi ya pengo lote, bila kumtafuta mteja mpya hata mmoja. Njia hii hudharauliwa sana. Wachuuzi watatu wakichanga na kununua tenga zima mnadani badala ya kila mmoja kuokota vipande kwa mchuuzi wa katikati, shilingi mbili hizo zinaweza kupatikana hapo tu.

Usigawe sawa kwa kila mwezi. Kwa kalenda ambayo Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na Januari ni ya ada, kibanda chetu kinaweza kupanga Oktoba 130,000, Novemba 130,000, Desemba 160,000, kisha 110,000 kwa Januari, Februari na Machi. Jumla ni 750,000.

Kabla hujasaini, jiulize kitu unachokilenga kitakugharimu nini baada ya kukipata. Friza inakula umeme. Ikiongeza 30,000 za LUKU kwa mwezi, kizingiti kinapanda kwa takriban 3,850 kwa siku, kutoka 79,500 hadi karibu 83,300. Je, tofauti ya bei ya giza na mbalamwezi inalipa hiyo? Andika bei za mnadani kwa miezi miwili ujue. Na umeme ukikatika mchana kutwa, una mpango gani wa barafu?

Lengo la pili liwe la kuziba tundu, kama kupunguza madeni ya wateja hadi nusu kufikia Desemba. La tatu liandike nyuma ya daftari, lisubiri zamu yake.

## Hatua ya 7: Lishushe hadi Jumatatu

Kila Jumapili jioni andika kazi tatu za wiki, kila moja na jina la mtu na siku. Kwa kibanda chetu:

- Msaidizi anapita gereji mbili za jirani kila siku saa nne asubuhi kuchukua oda za mchana.
- Mwenye kibanda ananunua mafuta kwa dumu la lita 20 Jumanne, anaacha ya kupima kila siku.
- Jumamosi anawafuata wadaiwa watatu wa zamani zaidi.

Ona kwamba zote ni kazi ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa uamuzi wake. "Kuuza 95,000" si kazi, ni matokeo, na mvua inaweza kuyazuia. Kupita gereji saa nne hakuzuiliwi na mtu.

Kudai kunawashinda wengi kwa sababu mdaiwa ni jirani, pengine ni mtu mzima aliyekulea. Nenda mwenyewe, usitume mtoto, usidai mbele za watu, na uwe na kiasi kamili mdomoni: "Shikamoo mama. Nimefunga hesabu za mwezi, naona lile deni letu la elfu kumi na mbili bado lipo. Naomba unipunguzie hata elfu sita leo, nyingine Ijumaa." Ukienda na "nina shida kidogo" utarudi na salamu. Ukienda na kiasi na siku, mara nyingi utarudi na kitu. Na hadi deni lile liishe, usiongeze jingine juu yake.

Dalili ya mafanikio hapa ni ndogo: Jumapili inayofuata, kazi mbili kati ya tatu zina alama ya vema. Ukipata tatu kila wiki, kazi zako ni nyepesi mno.

## Hatua ya 8: Ukifikiria mkopo

Mkopo unafaa kwa kitu kitakacholipa marejesho chenyewe, na kizingiti ndicho kinachokuambia. Ongeza marejesho ya mwezi kwenye gharama zisizobadilika, hesabu kizingiti upya. Kikizidi wastani wako wa mauzo, jibu ni hapana, hata afisa mikopo awe mcheshi kiasi gani.

Mikopo ya kausha damu, ile ya marejesho ya kila siku au kila wiki kwa riba kubwa, iepuke kabisa kwa biashara ya samaki. Bahari hairekebishi ratiba yake ikufuate. Wiki ya mbalamwezi utalipa kwa mtaji, na mwezi ujao utakopa kulipa mkopo.

Ukiwa kwenye kikundi kilichosajiliwa, ulizia mikopo isiyo na riba ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Anzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako, na peleka daftari lako la miezi mitatu. Ushauri wa uzalishaji na vifungashio waweza kuupata SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambalo lina ofisi hapa mkoani.

Mali kauli nayo ni mkopo. Mzigo uliochukua leo ulipe kesho uandike kwa kalamu nyekundu siku ile ile uliyoupokea.

## Hatua ya 9: Kikao cha wiki na cha robo mwaka

Kikao cha wiki ni nusu saa, wewe na yule mtu uliyemchagua. Maswali ni manne: siku ngapi tulikuwa juu ya kizingiti, kazi ngapi zimefanyika, fedha ya lengo imefika wapi, nini kinabadilika wiki ijayo. Akikuuliza na ukakasirika, huyo ndiye mtu sahihi, endelea naye.

Unapolinganisha, usipime wiki hii kwa wiki iliyopita. Pima wiki ya giza kwa wiki ya giza ya mwezi uliotangulia, na mbalamwezi kwa mbalamwezi. Nimeona watu wakishusha bei kwa hofu katikati ya mbalamwezi, kisha wanashindwa kuipandisha tena giza likirudi.

Kikao cha robo mwaka kiweke karibu na tarehe za awamu za TRA, kwa kuwa hesabu utakuwa umezifunga tayari. Hapo ndipo unaporuhusiwa kubadilisha lengo. Mapema zaidi ya hapo badilisha kazi tu. Sababu moja pekee ya kuvunja kanuni hii ni wastani wako kuwa chini ya kizingiti kwa miezi miwili mizima; hapo simamisha lengo la kukua na urudi hatua ya tatu ukapunguze gharama.

Tuseme tarehe 31 Machi imefika na kopo lina 620,000. Zinapungua 130,000. Usizikope, na usichukue za fungu la kodi. Tazama bei ya friza imebadilika au la. Hesabu kwa kasi ya miezi mitatu ya mwisho itachukua muda gani kumaliza, ukikumbuka kusi imeanza. Halafu fungua ukurasa mpya, andika tarehe ya leo, kiasi kilichopo, kiasi kinachobaki, tarehe mpya, na kazi tatu za Jumatatu.